Nyota za Nchi ya Chini

Duarani kwetu Geita, kwenye shimo letu la dhahabu, kila mtu alimwona Ngusa ana wazimu kidogo, na mimi nilikuwa wa kwanza. Mtu mzima, mzaliwa wa Tinde, anashuka shimoni na kopo la chokaa! Alikuwa amemtungia binti yake, Aneth, nchi nzima: Nchi ya Chini, yenye mbingu yake ndani ya ardhi, ambako msafiri hufuata nyota. Nyota ya Jembe humpeleka kazini. Nyota ya Mkia humrudisha nyumbani. "Na za kule hazihami," alimwambia mtoto, "siyo kama hizi zetu."

Basi akazichora huko chini, kwenye matimba, yale magogo tunayoegemezea mwamba. Penye njia panda aliweka Nyota ya Mkia, mkia ukielekea kwenye kamba ya kutokea. Tukamwita Mnajimu. Alicheka nasi, akaendelea kuchora.

Mwezi wa tatu akaenda Tinde kumzika mama yake, akakaa wiki mbili. Huku nyuma njia ya kushoto ikaisha dhahabu, na kwetu njia ikiisha, matimba yanang'olewa yakaegemeze kwingine. Niliyang'oa mimi, Marwa, kwa mikono hii. Gogo lenye Nyota ya Mkia nikalisimika kwenye njia mpya, mkia ukielekea mwisho wake, ambako ni mwamba mtupu. Chokaa niliiona. Kuifuta ilikuwa kazi ya dakika moja.

Ngusa aliporudi nilimpa pole ya msiba, akashuka. Sikumwambia. Ningesema nilisahau, lakini nitakuwa mwongo. Niliona ni mambo ya kitoto.

Asubuhi ileile maji ya shimo la jirani yakabomoa mwamba, yakatuingilia. Sisi tuliozijua njia mpya tulitoka. Yeye hakuzijua, alikuwa na nyota zake. Tulimpata siku ya tatu, amekaa chini ya lile gogo.

Baada ya mazishi nilikwenda kwake Kalangalala. Aneth akaniamkia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyota ya Mkia ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Sasa kwa nini baba hakutoka? Si hazihami?"

Mama yake, Bhoke, akaniletea uji, akanishukuru kwa kumtoa mumewe kule chini. Nikaunywa wote.