Bustani ya Aliyerudi

Paspoti ya binti yangu ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya tishu na dawa zangu za presha, na mkoba nilikuwa nimeubana kwapani tangu tulipotoka nyumbani kwetu Kilburn, huku ughaibuni. Ndege yake ilikuwa kesho yake asubuhi. Alikuwa anakwenda Sudan kuandika habari za vita, kwa hiari yake na akili zake timamu.

Jana yake aliniuliza, "Mama, umeiona paspoti yangu?" Nikamwambia sijaiona. Nilisema hivyo huku nakoroga uji, bila hata kupepesa jicho. Mimi huyu huyu, niliyemnunia siku tatu alipokuwa na miaka sita kwa kunidanganya juu ya biskuti.

Kwenda bustanini lilikuwa wazo lake. Alisema ana kitu anataka nikione. Tulipanda mabasi mawili, na njia nzima hakuitaja paspoti. Asubuhi hakuwa amepekua droo wala kumpigia mtu simu. Mtu aliyepotelewa na paspoti hatulii hivyo, na utulivu wake ulinitisha kuliko kama angelia.

Langoni palikuwa na kibao. Akasimama kunisomea, kana kwamba mimi sijui kusoma. Zamani eneo lote lile lilikuwa makazi ya mwandishi wa habari za vita. Alikwenda vita hivi, akaenda na vile, akarudi, akanunua ardhi, akachimbisha ziwa na kupanda miti, kisha akafa mzee kitandani mwake.

"You see, mama? He came back."

Kumbe nilikuwa nimeletwa darasani.

"Huyu kapata kibao kwa sababu alirudi," nikamwambia. "Wasiorudi, bustani zao ziko wapi?"

Akakipa kibao mgongo. Nilijua nimemchoma, na kumchoma ndiko nilikotaka.

Tukalizunguka ziwa. Bata walikuwa wananenepa kwa mikate ya watu, na mzee mmoja alikuwa anabembelezana na mbwa wake aliyegoma kutembea. Binti yangu akanyoosha mkono. "Nipe nikubebee mkoba."

"Sijachoka."

"Lakini mzito, mama."

"Nimesema sijachoka!"

Sauti ilinitoka kali hadi yule mzee akageuka. Nilikuwa naogopa, sina neno jingine la kusema. Ninaye huyu mmoja tu.

Mvua nyepesi ikaanza, tukakaa kwenye benchi chini ya mti. Mtoto huyu huelewa kila nisemalo, ila tangu aanze shule majibu yake mengi ni Kizungu, na Kiswahili hukitoa kijiko kijiko. Pale alikisema chote, polepole, akilitafuta kila neno.

"Mama, najua iko kwa mkoba. Niliiona leo asubuhi nikitafuta tishu."

Masikio yakanipata moto. "Mbona hukuichukua?"

"Nikichukua, naenda bila radhi yako. Siwezi enda kule bila radhi."

Nilimfunza mwenyewe. Tangu mdogo nilimwambia kwamba asiye na radhi ya mama hafiki mbali, na nilidhani maneno yale yanaingia sikio hili na kutokea lile. Sasa ningeweza kusema sikuridhii. Neno moja tu, naye asingekwenda. Angebaki Kilburn, mzima wa afya, akinitazama mezani kama alivyonitazama pale kwenye benchi, kila siku ya maisha yangu.

Nikafungua mkoba. Nikatoa tishu, nikatoa dawa, nikatoa paspoti nikamwekea mapajani.

"Nimekuridhia," nikasema. "Inama."

Akainama. Nikaweka mkono kwenye nywele zake zilizolowa, nikaanza kumsomea dua, kama mama alivyonisomea mimi Mombasa siku niliyopanda ndege kuja huku. Mama yangu sikumwona tena.

Nilisoma zile fupi, nikasoma zile ndefu, nikampulizia utosini, kisha nikarudia nilizokwisha kuzisoma. Yule mzee akapita na mbwa wake, akatutazama. Maadamu mkono wangu ulikuwa kichwani pake, alikuwa bado hajaondoka. Mvua ikazidi. Binti yangu hakunyanyua kichwa, wala hakuniambia kwamba tumechelewa.