Jogoo wa Mgeni Asiyealikwa

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyochovywa kwenye maji ya moto hunirudisha Mgori, mwaka wa mwisho niliosoma shule ya kati, Mwingereza bado akitutawala, na mimi, kwa Kiingereza changu, nikijiona msaidizi wake. Mtama ulikuwa umeshavunwa. Wiki hiyo Mwalimu Yohana, mtu wa Kintinku, alitufundisha kwamba Waingereza hawatosheki na neno moja la mgeni. Kuna "visitor", yeyote anayefika, hata bwana afya anayekuja kukagua choo. Na kuna "guest", yule uliyemwalika ukamkirimu. Nililibeba somo hilo hadi nyumbani kama mtu aliyepewa bunduki.

Jumamosi Mwalimu mwenyewe akatokea uani kwetu, anasukuma baiskeli yenye pancha, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Mama akampa kigoda na maji ya kunywa, halafu akamtazama Karani. Karani alikuwa jogoo wangu, niliyemlea tangu kifaranga. Tulimwita hivyo kwa sababu alitembea kama amevaa viatu. Kuku mwingine mwenye nyama hatukuwa naye.

Nikamfuata Mama jikoni mbio. "Mama, huyu ni visitor tu! Hakualikwa! Mwenyewe ndiye aliyetufundisha!"

Mama alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa. "Hao wenye wageni wa aina mbili," akauliza, "njaa wanazo ngapi? Haya, kamata jogoo."

Sikumkamata. Alikuja mwenyewe, maskini, akidhani nina punje.

Wakati wa kula, Mama, ambaye sijaona mtu wa kumshinda kwa utani, akasema, "Mwalimu, mwanafunzi wako anasema kwa Kizungu chenu hustahili jogoo."

Mwalimu akaacha kutafuna. "Kasema kweli, mama. Nilifika hapa visitor. Wewe ndiye uliyenipandisha cheo." Wakacheka. Kisha akaichukua firigisi, aliyowekewa yeye kwa heshima, akaniwekea mimi. Niliila huku nalia, na nisiwadanganye, ilikuwa tamu.

Sasa naishi Singida mjini, na kutoka nje sipendi. Nina geti, nina kuku wawili kwenye friji wasio na majina. Mtu akibisha hodi bila kunipigia simu kwanza, namchungulia kwenye pazia, nanyamaza mpaka achoke. Tofauti ya maneno yale mawili bado naijua barabara. Mama angekuwa ameshabandika sufuria, jina angeliuliza baadaye.