Inverter ya gari haifunikwi: yaliyotukuta Sanje kwenye harusi ya Skolastika

Wakuu, na wajukuu mliomo humu, marahaba kwa walionisalimia na kwa wasionisalimia.

Shule yangu iliishia darasa la pili, mtanivumilia. Ila haya niliyaona mwenyewe, sikuhadithiwa.

Kwanza niwataje waliokuwepo. Baba mdogo Leodegari, mdogo wake baba, dereva wa lori la tajiri mmoja wa mpunga Ifakara. Shangazi Melania, dada yao. Skolastika, binti wa shangazi, ndiye bibi harusi. Mama yangu Paulina. Na mimi, kasichana. Baba alibaki Katindiuka kuwinga ndege shambani.

Kilichoniudhi hadi nikaandika ni mjukuu wangu Deo. Kanunua inverter ya gari, achaji laptop na kuwasha TV safarini. Naikuta chini ya kiti, imeviringishwa taulo.

Namuuliza, ananijibu, "Vumbi, bibi."

Nimechoka kusema kwa mdomo.

Basi miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, yule tajiri alikuwa na santuri ya umeme yenye spika. Alikuwa pia na boksi la chuma la kuchukua umeme wa betri ya lori na kuugeuza uwe kama wa nyumbani. Ni inverter hiyo hiyo, ila ile ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Baba mdogo akaviazima vyote kwa ajili ya harusi.

Mama alikuwa na mimba kubwa. Uzazi wa nyuma alipasuliwa, na masista wa hospitali kule Ifakara walimwonya asithubutu kuzalia nyumbani. Hakutaka kwenda harusini Sanje, mbali na hospitali.

Baba mdogo akamwambia, "Shemeji, twende. Uchungu ukikushika, lori si lipo?"

Akaja kwa kulitegemea lori. Shikeni hapo.

Boksi likawekwa kwenye kiti cha mbele, injini inaunguruma, santuri inaimba. Wazee wa upande wa bwana harusi wakalalamika, kelele za injini zinaziba nyimbo. Baba mdogo akazima injini. Santuri ikaendelea kula betri.

Kisha shangazi Melania akaja na kitambaa alichokidarizi maua mwenyewe. Siku zile kitu cha thamani hakiachwi wazi. Redio ina kitambaa, birika lina kitambaa, hata saa ya mezani. Akalifunika boksi.

"Dada, mwenyewe kasema lipate hewa," anasema baba mdogo.

"Hewa ya nini, lina pua? Kitu cha watu hakikai uchi mbele ya wakwe."

Manyunyu yalipoanza, akaongeza khanga juu yake. Na baba mdogo, mwanaume mzima, anamtazama tu.

Saa za alasiri santuri ikaanza kuburuta sauti kama mlevi. Badala ya kuzima, watu wanacheka na kucheza kwa kuburuta hivyo hivyo. Mara harufu ya kuungua. Kitambaa kinafuka moshi.

Na mama naye akaegemea ukuta, akapiga magoti. Uchungu umeanza.

Baba mdogo akachomoa nyaya, akatupa vitambaa topeni, akakanyaga starter. Lori likakohoa mara moja. Kimya.

Sasa sikilizeni watu wazima.

"Wewe ndiye uliyezima injini," anasema shangazi.

"Na wewe uliyelivisha nguo je?"

Mama yuko chini, hawezi hata kulia.

Kwetu, bibi harusi siku ya harusi yake hasemi wala hainui macho. Skolastika akainuka mkekani, akakunja gauni akalifunga kiunoni.

"Mama, mjomba, mtamaliza kugombana akishakufa? Sukumeni."

Wakwe wakaguna. Yeye kashaweka bega kwenye bodi, tope magotini. Wanaume wakaona aibu, wakamfuata. Lori likateremka kuelekea barabarani, likashtuka, likawaka.

Mama akalazwa juu ya magunia. Mwanamke mmoja jirani wa hapo Sanje akapanda bila kuombwa, akampakata kichwa mpaka Ifakara, njia nzima ya tope, anamfuta jasho na kumwambia, "Bado kidogo, mwanangu." Mimi nilishika miguu.

Walimpasua tena. Akapona, na mtoto akapona, ndiye mdogo wangu Betina. Daktari alisema tungechelewa zaidi kidogo tungewazika wote wawili.

Shangazi Melania aliomboleza kitambaa chake mpaka anakufa. Kitambaa.

Funzo langu ni hili. Ukitumia inverter, injini iwe inawaka, na gari liwe nje, si ndani ya banda lililofungwa, moshi unaua. Usiifunike hata kwa leso. Usiibebeshe mzigo usio wake. Ukisikia harufu au sauti imebadilika, zima kwanza, ucheke baadaye. Na gari ambalo mgonjwa analitegemea, betri yake si ya muziki.

Wa Sanje mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Hasa yule mwanamke aliyempakata mama. Mimi nasema aliitwa Anjelina, Betina anasema mama alimwambia ni Anastazia. Hatukurudi kumshukuru. Kama alikuwa bibi yako, niandikie jina lake hapa chini, nilitaje sawasawa.