Maman Aliijibu Redio ya Papa

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalitokea nyumbani kwetu, hapa Kamembe, na mimi sinywi pombe.

Vita vya ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, vilipopamba moto, kaka yangu Faustin alikuwa Bukavu. Wengine walivuka wakarudi, yeye kimya. Kila jioni Maman alimwekea sahani, na chakula kikipoa ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemficha. Redioni walikuwa wakisoma majina ya watu waliopotezana, lakini betri hazikupatikana. Basi nikatoa kisanduku cha marehemu Papa, baba yetu, redio ya zamani isiyotaka betri: jiwe dogo linalong'aa, waya mwembamba wa kuligusa, na kisikilizio cha sikio moja. Waya huo ulikuwa umeliwa na kutu, nikaweka uzi wa gitaa. Waya mwingine nikaupandisha kwenye mti wa avoka, wa tatu nikauchomeka udongoni nyuma ya jiko. Siku nzima nikachokoa lile jiwe, huku nikilaani. Alasiri likashika, majina yakaanza kuja, kwa mbali.

Nikampa Maman asikilize. Mara uso ukambadilika. "Ni sauti yake," akasema.

Nikasogeza sikio langu karibu na lake. Niamini, mtangazaji hakuwepo tena. Ilikuwa sauti ya Faustin, inahema, inasema, "Hodi."

Redio ile inapokea tu, haina pa kusemea. Sasa sauti hiyo ilikuwa inabisha hodi kwa nani? Kabla sijafungua mdomo, Maman akajibu kama tunavyojibu wote tangu utotoni, bila kufikiri: "Karibu, mutoto wangu. Ingia."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Lakini kiti cha Faustin kikasogea, na harufu ya matope ya mto ikajaa nyumba. Mimi sikuona kitu. Maman aliona. Akacheka kwa furaha, akaenda kupakua maharage. Asubuhi sahani ilikuwa tupu. Niliogopa, sifichi.

Majuma yakapita. Jioni moja ya mvua, hodi tena, safari hii mlangoni. Nikauliza ni nani, nikafungua. Faustin, amekonda, kovu jipya shingoni. Nikamshika mikono, ilikuwa ya moto, mikono ya muntu hai. Nikalia. Maman akaja, akamtazama juu mpaka chini.

"Faustin alishaingia," akasema. "Weye ni nani?"

"Maman, ni mimi."

"Mutoto wangu iko anakula. Usimusumbue." Akafunga mlango.

Leo Faustin yuko Bugarama, anafanya kazi kwenye mashine ya mpunga, ana mke na batoto. Maman hajambeba hata mmoja wao. Redio niliifukia ili kile kilichoingia kitoke, haikusaidia kitu. Mimi ndiye ninayeosha ile sahani kila asubuhi, na haijawahi kubaki na hata punje moja.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukisikia hodi na mwenye sauti humwoni, hata ikiwa ni sauti ya mwanao, uliza kwanza ni nani. Mama yangu hakuuliza, na mwanawe wa kweli bado yuko nje.