Siku Tatu za Kutafuta Mlango Mmoja Voi

Ndugu zangu wa Kasigau, niliondoka kijijini kwetu Makwasinyi kwa sababu ya neno moja la baba mkubwa.

Mama alipofariki, miaka miwili baada ya baba, nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikabaki na wadogo zangu watatu: Mwakio, Mkamburi na Mghoi. Nyanya alikaa nasi. Tulilima mahindi na pojo, tukala tulichobakishiwa na ndovu. Lakini mwaka huu miguu ya nyanya imekataa kazi, na shangazi wa Mwatate amesema atamchukua amtunze. Wakati huohuo nami nikapata kazi ya kufua na kupiga pasi katika nyumba ya wageni mjini Voi. Ndipo baba mkubwa akatuita kwake.

"Saru, kazi ni baraka, sikukatazi," aliniambia. "Lakini hawa watoto hawawezi kubaki hapa peke yao. Mwakio aende kwa mjomba wenu Taveta. Hawa wasichana waende Mombasa kwa shangazi yao mdogo."

"Baba, nitaenda nao Voi."

"Voi wapi? Utawalaza juu ya meza ya pasi?"

Ndugu waliokuwepo walicheka, hata mimi nikacheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Jumapili baada ya kanisa tutakaa tena. Ukiwa umepata nyumba, pahali pazuri pa watoto, mimi nitanyamaza. Ukikosa, tutawagawa."

Hakusema kwa ubaya. Ni yeye aliyetuletea mbegu kila msimu tangu tuwe mayatima. Lakini neno hilo la kugawa lilinikaa kifuani. Pojo hugawanywa. Nyama hugawanywa.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi la kwetu na pojo kilo mbili na kuku mmoja, maana huwezi kwenda kulala kwa mtu mikono mitupu. Utingo alimtazama kuku akaniuliza kama naye anakwenda kutafuta kazi. Nikamwambia yeye kazi yake amekwisha kupata, ila hajaambiwa. Njia yetu mnaijua. Penye mchanga mwingi tulishuka wote, wanaume wakasukuma, akina mama wakawapa maagizo. Tulipofika lami nilitazama nyuma nikauona mlima wa Kasigau umesimama peke yake uwandani, nikaona haya kidogo, kama mtu anayetoka bila kuaga.

Saa nne nilikuwa Voi. Mwenyeji wangu Zuhura aliningoja stendi. Wengi wenu mnamkumbuka, ni yule mama wa Kiislamu aliyekuwa akija kwetu kununua pojo kwa gunia. Siku hizi anapiga pasi katika ile nyumba ya wageni, na ndiye aliyenitajia kazi.

"Karibu mwenzangu," alisema, akampokea kuku kabla ya kunipokea mimi. "Leo utazame nyumba, usitazame rangi. Rangi haimlei mtoto."

Mchana huo bwana mmoja wa kuonyesha nyumba alitupeleka kwenye mtaa mpya kando ya barabara kuu. Nyumba ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuingia. Ilikuwa na vigae sakafuni, stima katika kila chumba na tangi la maji juu ya paa. Kodi ilikuwa ya juu, lakini kwa kujibana ningeiweza. Nikauliza shule iko wapi. Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

Nilimwomba tungoje pale hadi watoto watoke shule. Tulisimama tukala vumbi. Malori yalipita, la Nairobi likilifuata la Nairobi, la Mombasa likilifuata la Mombasa. Watoto walipotoka walijipanga ukingoni kama mbuzi wanaosubiri kuvuka mto uliojaa, kisha wote wakakimbia kwa mpigo mmoja.

"Huzoea," yule bwana alisema. "Watoto huzoea haraka."

"Na madereva? Nao wamezoea watoto?"

Alicheka tu. Nikamshukuru kwa muda wake, tukaondoka.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Maungu, mji mdogo ulio safari ya matatu kutoka Voi. Zuhura alikuwa kazini, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Nilikaribishwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, na kabla hajanionyesha nyumba alinipa chai na muhogo wa kuchemsha. Nyumba yake ya kupangisha ilikuwa na vyumba viwili vikubwa na uwanja mpana wenye kivuli. Shule ilikuwa karibu, hata kengele ningeisikia nikiwa nimesimama mlangoni. Kodi ilikuwa nafuu sana. Moyoni nilikwisha kupanga vitanda. Nilikuwa natoa pesa za kuishikilia nyumba, mzee akanizuia mkono.

"Ngoja kwanza, mama. Kazini unaingia saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu asubuhi."

"Basi hapa utaondoka saa kumi na moja, kukiwa giza. Jioni utarudi giza. Hao watoto nani atawaamsha, nani atawaona wamekula?"

"Mwakio ana miaka kumi na minne. Ni mtu mzima."

Mzee akauliza, "Na wewe ulipoanza kuwa mtu mzima ulikuwa na mingapi?"

Akazisukuma pesa zangu kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake. "Nyumba yangu haitakosa mtu. Wewe tafuta karibu na kazi yako. Ukikosa kabisa, rudi." Mtu aliyekuwa na nyumba tupu alinizuia nisiichukue, kwa ajili ya watoto asiowajua. Namshukuru hadi leo.

Saa kumi jioni nilirudi Voi, nimechoka na sina nyumba. Zuhura anaishi mtaa wa Mwakingali, katika ploti ya vyumba vinane vinavyotazamana. Chumba cha mwisho, chenye kingine kidogo kwa nyuma, kilikuwa kitupu. Nilipomuuliza mbona hakunitajia, alishusha pumzi.

"Mwenye ploti hataki familia kubwa. Lakini mdomo haulipiwi. Kamuulize."

Mwenye ploti ni Mama Mumbua, Mkamba anayeuza mboga sokoni na kuishi humohumo plotini. Nilimkuta akichambua sukuma wiki barazani kwake, mjukuu wake mdogo akicheza miguuni pake.

"Mko wangapi?" aliuliza bila kuinua macho.

"Wanne. Mimi na wadogo zangu."

"Wanne! Wee msichana, maji hapa huja mara mbili kwa wiki, na bomba ni moja. Nikiingiza watu wanne, hawa wengine wataninywa mimi. Pole sana. Si ubaya, ni maji."

Nilimwambia ahsante, nikarudi kwa Zuhura kumenya viazi. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya kurudi nyumbani, na sikuwa na chochote cha kumwonyesha baba mkubwa. Viazi vile nilivimenya vibaya, nikatupa nusu pamoja na maganda.

Jua lilikuwa linazama, na Zuhura yumo ndani akiswali, niliposikia makopo. Kwanza moja, kwa mbali, kisha la pili, kisha ploti nzima ikawa inagonga bati na ndoo. Ninyi wa Kasigau mnajua ninachosema. Sikufikiri hata kidogo. Niliruka. Mbele yangu uwanjani walikuwepo watoto watatu wanacheza. Nilimbeba mmoja, nikawasukuma wawili, nikawaingiza ndani ya chumba cha Zuhura na kufunga mlango kwa nje. Kisha nikanyakua sufuria na mwiko, nikatoka mbio kuelekea kwenye kelele, nami nikigonga na kupiga yowe, "Wamefika! Wamefika! Washeni moto!"

Nilipokata kona nilikutana na akina mama wamejipanga na mitungi yao ya maji. Wote waliacha kugonga. Nikabaki nikigonga peke yangu.

"Nani amefika, dada?" aliuliza mzee mmoja, Baba Naomi, mlinzi mstaafu anayeishi chumba cha pili.

"Ndovu!"

"Ndovu?" Alitazama bomba, akanitazama mimi. "Basi huyo ni mwembamba sana, kama amepita humu."

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia. Mama mmoja alikalia mtungi wake, hawezi kusimama. Ndipo nikaelezwa kwamba maji yanapofika, wa kwanza kuyaona hugonga kopo ili wote waitwe, na hakuna anayekinga kabla ya wote kufika. Nilitamani ardhi ipasuke. Na hapo Zuhura alikuwa amemaliza kuswali, anagonga mlango kutoka ndani na kuuliza hawa watoto ni wa nani na nani amemfungia.

Mama Mumbua alikwenda kufungua. Wa kwanza kutoka alikuwa mjukuu wake.

"Mbona umewafungia?" aliniuliza.

"Nisamehe, mama. Kwetu makopo hugongwa kufukuza ndovu; ukiyasikia, kwanza ni watoto, wowote walio karibu. Halafu unatoka ukasaidie."

"Unatoka uende kwa nani?"

"Kwa yeyote ambaye ndovu wako shambani kwake."

Alimfuta mjukuu wake kamasi, akaenda kukinga maji. Lakini mitungi yote ilipojaa alinijia pale nilipokuwa nimeinama juu ya viazi vyangu.

"Hao wadogo zako wanajua kubeba maji?"

"Hawajawahi kuishi karibu na maji, mama. Wanajua kubeba, na wanajua kuyatumia kidogo."

"Nyumba ile ya mwisho, paa lake linavuja upande mmoja. Wiki ijayo nitamleta fundi." Akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Lakini sufuria ya Zuhura umeibonda. Hiyo utamnunulia nyingine, Mama Ndovu."

Nilishika mikono yake miwili.

Jumamosi asubuhi, kabla ya basi, nilitembea. Nilitoka kwenye mlango wa chumba kile hadi shuleni kwa mwendo wa Mghoi, ambaye husimama kutazama kila kitu. Hakuna barabara kubwa ya kuvuka. Kisha nikatoka mlangoni hadi kazini kwa mwendo wangu, nikafika kabla jasho halijatoka. Chumba ni kidogo, sakafu ina nyufa, na nimekwambieni habari za paa. Sikuona kasoro nyingine.

Jumapili baada ya kanisa tulikaa kwa baba mkubwa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kodi, shule na umbali. Alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Mtoto akishikwa na homa wakati wewe uko kazini, atamwita nani?"

Kama ningelikuwa nimechukua ile nyumba ya vigae, ningelinyamaza hapo. "Atamwita Mama Mumbua," nilisema. "Akimkosa, Zuhura. Wakiwa wote wametoka, yuko Baba Naomi, chumba cha pili, yeye hatoki."

Baba mkubwa akawatazama Mwakio, Mkamburi na Mghoi, waliokuwa wamebanana kwenye benchi moja ingawa mawili yalikuwa matupu.

"Nitaongea na mwenye pikapu," alisema. "Vitanda haviwezi kwenda kwa basi."

Basi hayo ndiyo niliyojifunza, na nawaandikia ninyi mnaotaka kuteremka mjini na watoto: pitieni shule, pimeni njia kwa miguu, ulizeni maji, lakini msilipe kodi kabla hamjajua majina ya watu watakaofungua mlango mtoto wenu akigonga. Nyanya ndiye aliyenielewa upesi kuliko wote. Watu walipotawanyika alinivuta karibu, akaniomba nimtajie tena wale majirani watatu, polepole, mmoja mmoja, ili ayashike vizuri majina yao kwa ajili ya sala ya jioni.