Wiki Nne Kanzenze

Mwaka 1998 barabara za milimani zilikuwa za hatari kwa sababu ya vita na askari waliwarudisha watu, kwa hiyo Vénantie Mukamusoni alifanya mazoezi ya mbio kandokando ya ziwa tu, kwenda na kurudi, mpaka wauza samaki wadogo wa sambaza wakaacha kumgeukia. Alikuwa mpiga taipu kwa wakala wa forodha karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpakani cha kuingia Goma. Hata kazini miguu yake haikutulia chini ya meza.

Mwaka uliofuata, vita vilipotulia, kocha wake Sebagabo, mwalimu mstaafu wa michezo, alimpeleka Kanzenze, kijiji cha juu milimani, wiki nne kabla ya mbio za kilomita kumi za Kigali za kuchagua timu ya taifa.

"Kule juu hewa iko nyepesi," alimwambia. "Mwili utatengeneza damu mingi. Lakini wiki ya kwanza utembee tu."

Vénantie alifikia kwa Nyiraneza, mjane mkulima wa viazi aliyejifunza Kiswahili sokoni Goma. Siku ya tatu uvumilivu ulimwisha. Akasema anakwenda kuteka maji, akaficha jerikani kichakani, akaupanda mlima mbio. Kifua kilimwaka. Saa ilionyesha kasi inapungua, naye akazidisha: asubuhi, kisha jioni. Siku ya tisa alianguka kati ya matuta ya viazi.

Nyiraneza alimbeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi alimvuta kope la chini, akampima damu: ilikuwa pungufu. Alimpa vidonge vya madini ya chuma, akamkataza kukimbia siku kumi.

"Kila siku ulileta maji nusu," Nyiraneza alisema walipotoka. "Nilijua unakimbia. Nikasema, huyu ni mutu muzima."

"Mama, mi siwezi kukaa. Nikikaa, naona wengine wananipita."

"Wengine gani? Huku iko mimi na viazi."

Siku kumi hizo zilimtesa kuliko mlima. Alimenya viazi, akala mboga za majani za dodo na maharage, akasimama mlangoni, akaketi, akasimama tena. Sebagabo alipokuja hakumgombeza.

"Ungeniambia umeshindwa kungoja," alisema, "ningekuja tutembee wote."

Kigali alimaliza wa tano, na walichaguliwa watatu wa kwanza tu. Alilia nyuma ya jukwaa, kisha akamuuliza kocha watapanda tena Kanzenze lini.

Walipanda mwezi wa nane. Wiki ya kwanza nzima walitembea, Vénantie akiwa mbele kwa hatua mbili, Sebagabo akimwita apunguze mwendo.