Lame Iliyonuna: Kutoka Kenya hadi Kasungami Kutafuta Mwanzo wa Resori Zetu

Ninyi ndugu zangu wa kule Kabalo, kila barua inapopata mtu wa kuibeba mnaniuliza kama Lubumbashi bado imesimama. Nawajibu: imesimama. Kampuni ya migodi hailipi, treni inakuja ikipenda, magaraji makubwa ya mjini yaliporwa hadi vitasa vya milango. Lakini mimi Banza, niliyeacha shule darasa la nne, nina garaji yangu hapa komini ya Kenya, mtaa wa mji huu na si ile nchi, ina ukuta pande tatu, na bantu, yaani watu, wananiita Directeur, mkurugenzi. Jina hilo sikupewa na mtu. Nililiandika mwenyewe ukutani kwa rangi nyekundu, likakubalika.

Safari ninayowasimulia si ndefu. Mwenye mafuta anaimaliza asubuhi moja. Lakini ilinitoa jasho kuliko ile iliyonileta huku kijana, nimekaa juu ya behewa la makaa.

Sababu yake iko hii. Tangu treni ilegee, mji unalishwa na furgoneti za zamani, zile gari ndogo za mizigo za mgongo wa duara zilizoachwa na Wabelgiji. Zinaenda vijijini tupu, zinarudi na mahindi hadi juu ya paa, na watu juu ya mahindi. Chini ya nyingi, kwenye resori za nyuma, nilikuta kitu cha kunichekesha. Resori, kwa asiyejua, ni springi ya gari, vyuma bapa vilivyolaliana, tunaviita lame, na vyote vimekunja ncha juu kama mdomo unaocheka. Lakini kwenye furgoneti hizi lame ya chini kabisa, nene kuliko zote, ilifungwa kinyume, ncha zake zinaangalia chini. Zote zinacheka, moja imenuna. Tena ncha zake haziwagusi wenzake. Unapitisha vidole katikati bila shida.

Nikasema mbele ya watu, kwa sauti: wazee waliofunga hii walikuwa wamelewa. Chuma gani kinakaa bure chini ya gari wakati wa njaa? Nikaigeuza icheke na wenzake. Gari tano niligeuza, na kwa kila moja nilisimama kifua mbele nikamwambia mwenye gari kwamba Directeur amesahihisha.

Haikupita miezi mitatu, gari mbili zikapasuka shasi, zote mahali pamoja, nyuma ya tairi, pale mkono wa chuma unaposhika resori. Mashoferi wa Kenya hawana huruma. Wakaanza kuniita Directeur wa Nyufa.

Ya tatu ilikuwa ya Mama Kavira, mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo, mwanamke wa sala na wa maneno machache. Alikuja mwenyewe garajini, akaniona nimeinama juu ya ufa mwembamba kama unywele.

"Banza," alisema. Hakusema Directeur. "Weye njo uligeuza ile chuma?"

"Njo mimi, Mama."

"Na nani alikuambia ilikuwa mubaya?"

Nikaanza kupanga spana zangu kwa ukubwa.

"Siku tatu tu, kisha gari inaenda kuchukua mahindi ku barabara ya Kasenga. Bantu kumi na mbili batapanda juu ya mifuko, unajua. Kama inabunjika na bantu juu, ni weye utaenda kuambia bibi zao. Tafuta mwenye alianzisha hii mambo, akuonyeshe. Ukikosa, napeleka gari kwa mwingine, na ile rangi yako nyekundu nitakuja kufuta mi mwenyewe."

Akaenda zake. Yule mama akisema atafuta, anafuta.

Saa moja asubuhi iliyofuata, kabla ya kuondoka Kenya, nililala chini ya gari lake nikafuta mafuta ya zamani kwenye ile lame. Chini ya uchafu palikuwa na alama ya patasi: mistari miwili na nukta. Niliwahi kuiona kwenye zile nyingine nne nikadhani ni mikwaruzo. Nikamwita Kasongo, shoferi wa Mama Kavira, mtu mrefu anayecheka kabla ya kusikia neno.

"Hii alama," akasema, "niliona ku gari ya ule tailleur, mushonaji wa Kamalondo, Yaya Bibiche. Ile yenye haina tairi. Lakini Directeur, we utaenda kuuliza? Weye?"

"Nitaenda."

"Ngoja niende niambie bengine, hawataamini."

Saa tatu nilikuwa Kamalondo, komini ya jirani, kwa miguu. Kule mitaa ni ya kutembea, nyumba zinashikana mabega, na harufu ya pasi ya makaa inatoka kila dirisha la pili. Furgoneti ya Yaya Bibiche, dada mkubwa wa mtaa mzima, imekaa juu ya matofali mbele ya nyumba yake. Ndani kuna vyerehani vitatu, na mlango wa nyuma umefunguliwa kama duka. Nikamsalimia, nikamwomba ruhusa niingie chini.

"Weh! Directeur mwenyewe alale mu mavumbi? Bamama, kujeni muone!"

Wakaja kuona. Nikalala hivyo hivyo. Zote zinacheka, moja imenuna, na juu yake mistari miwili na nukta. Nikatafuta ufa kwenye shasi kwa kucha zangu, kutoka mbele hadi nyuma. Sikupata ufa wala kovu la kuchomelea.

"Hii gari ilibeba nini, Yaya?" nikauliza nikiwa bado chini.

"Uliza haikubeba nini. Ile wakati Katanga ilijitenga, bwana yangu alibeba bantu na bitanda byao, alibeba saruji, alibeba hata harusi. Kisha bazungu ba magaraji bakaenda, gari ikabaki, ikabeba tena. Bwana alikufa, gari haikukufa."

"Nani aliifunga resori?"

"Papa Ildephonse. Alikuwa fundi wa moto, wa kukunja chuma, ku karakana ya reli. Siku ya Mungu, kisha ya misa, alitengenezea bantu gari. Sasa reli imemurudisha ku nyumba, iko analima ku Kasungami." Akainama, nikaona uso wake kichwa chini, unacheka. "Na ujue, ule muzee hajaonja pombe hata siku moja. Ile maneno yako ya balevi tuliisikia huku."

Nikatoka chini ya gari. Nilijipangusa mavumbi kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili.

Siku ya pili, asubuhi, tulitoka Kenya na gari la Mama Kavira, Kasongo kwenye usukani, petroli ya chupa ndani ya tangi. Ule ufa nilikuwa nimeuchomelea na kuukazia kipande cha chuma. Gari lilikuwa tupu na liliruka kama mbuzi. Kila shimo lilipiga, na kila pigo nililisikia pale penye ufa, kama mtu anagonga mlango wangu. Lami ikaisha, nyumba zikaanza kuachana, pakawa na mahindi kati ya nyumba, halafu nyumba kati ya mahindi. Hapo ni Kasungami.

Mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya njia na jembe begani, anaangalia jinsi tunavyokuja. Kabla sijashuka, kabla ya salamu, akasema:

"Hii gari inaruka tupu. Muntu aligeuza lame yangu."

Nikashuka. "Jambo, Papa. Naitwa Banza, Directeur wa…" Nikaliacha neno hapo. "Ni mimi niligeuza."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Nilifikiri iko imekaa bure. Haina kazi."

Papa Ildephonse akaangalia jembe lake, akaniangalia. "Bantu bengi banafikiri vile juu yangu," akasema, akacheka mpaka Kasongo naye akapata nafasi ya kucheka.

Alituketisha kwenye benchi ya nyumba yake, mkewe akaleta chai ya rangi na viazi vitamu. Hapo nikamuuliza mwanzo wa mambo.

"Hizi gari zilitengenezwa za kupeleka mikate mu muji, juu ya lami. Ile wakati ya kujitenga, madaraja yakavunjwa, treni ikasimama, kama sasa. Bantu bakazipakia kama wagoni ya treni. Kwanza mi nilifanya kama weye: niliongeza lame, nikakaza. Ya kwanza ikapasuka. Ya pili ikapasuka."

"Zako pia?"

"Zangu pia. Weye ulifikiri muntu anazaliwa anajua?" Akapanga vidole vya mkono mmoja juu ya vingine. "Resori ikiwa nguvu wakati gari ni tupu, gari inapiga shasi yake yenyewe. Nikaenda kuangalia wagoni ku reli. Kulikuwa moja yenye chuma ya chini haigusi zingine mpaka wagoni ijae. Nikachukua lame ya wagoni yenye ilitupwa, nikaitia moto, nikaikunja kinyume. Sasa gari tupu inalala juu ya zile laini. Ukipakia, zile zinashuka, zinashuka, zinakuta mwenzao chini anabangoja. Mi sikuanzisha kitu. Niliiba kwa wagoni. Na mwenye alitengeneza wagoni, sijui aliiba kwa nani."

Nilikuwa nimekuja kutafuta mtu mmoja wa kwanza, nimalize. Kumbe hayupo.

Saa nne tulianza kazi. Tuliinua gari na jeki, tukafungua, tukageuza. Papa hakunigusia spana. Alikaa juu ya ndoo akisema "kaza" au "acha". Tulipoteremsha gari, akaingiza vidole kati ya ncha ya lame iliyonuna na wenzake. Viwili vikapita.

"Sasa ita kwaya," akamwambia mkewe.

Nilidhani anataka sala. Kumbe njo kipimo chao. Huku Kasungami wamama wa kwaya ya parokia wana mahindi yaliyokauka nyumbani na hawana gari la kuyafikisha soko la Kenya. Wakaja kumi na mmoja, na mifuko yao. Sita wakapanda, Papa akaingiza kidole kimoja tu. Wakapanda wengine watano. Kidole kikapita kwa taabu. Ikaanza kupakiwa mifuko, nami nimelala chini nachungulia, mpaka mama mmoja mnene, Mama Léonie, akaniita kutoka juu:

"Directeur! Uko napima resori ao uko natupima sisi?"

"Resori, Mama!"

"Basi sema yenyewe njo nzito!"

Mfuko wa mwisho ulipowekwa, ncha zikagusana. Hakuna kidole kilichopita. Gari lilisimama limejaa, limenyooka kama meza.

Nikaenda kukaa mbele na shoferi, kiti changu cha kawaida. Papa akanishika mkono.

"Apana. Ku karakana yetu, mwenye alifunga njo anakaa juu ya ekseli. Safari ya kwanza, kwenda na kufika."

Nikakaa nyuma, sakafuni, pale juu kabisa ya ekseli, mhimili wa tairi za nyuma, mfuko wa mahindi kwenye goti langu na wamama kumi na mmoja kuzunguka. Kama shasi ikivunjika, itavunjika chini ya makalio yangu kwanza. Ni sheria nzuri. Ningeijua mapema, zile gari tano nisingezigusa.

Saa saba tuliondoka Kasungami. Wamama walianza kuimba. Mimi nilikuwa nasikiliza chini. Shimo la kwanza, gari likainama polepole, likarudi. La pili, vilevile. Kabla ya lami kuna mfereji mpana ambao mvua imechimba, na Kasongo, mbaya yule, akaniangalia kwenye kioo na hakupunguza mwendo sana. Gari likashuka, tukaelea hewani kidogo. Nikafunga macho. Chini yangu ikalia mara moja, *ko*, sauti ndogo ya chuma kukuta chuma, halafu nikasikia kama mkono wa mtu unatuinua sote pamoja, na mahindi, na kwaya. Tukatoka upande wa pili. Wamama hawakukata hata ubeti.

Saa nane tukaingia soko la Kenya. Watu walikuja mbio kwa mahindi, mashoferi walikuja mbio kuona ufa. Nikawaambia walale chini watafute. Walilala. Wakatoka wanajipangusa mavumbi, kama mimi kule Kamalondo.

Mama Kavira alikuja mwisho, akazunguka gari.

"Ule mulevi ulimupata?"

"Mama, kama kulikuwa na mlevi, ni mimi. Mwenyewe anaitwa Papa Ildephonse, na mahindi haya ni ya majirani zake wa Kasungami."

Akachukua punje chache, akazitafuna, akasema kwa Kasongo: "Kasungami nayo uiweke mu njia, kila juma."  Rangi yangu nyekundu iko pale hadi leo.

Siku aliyoipanga, gari lilienda barabara ya Kasenga na kurudi. Watu kumi na wawili juu ya mifuko, na mimi juu ya ekseli, kwenda na kufika. Bibi zao waliwapokea wazima, wakagombana nao kwa kuchelewa.

Nilichojifunza nakisema bila aibu, maana hakuna fundi wa Kenya aliyekosea kwa ukubwa kama mimi akarudi na kutengeneza vizuri kama mimi. Treni imesimama kwenu, nao wazee wenu wa reli wameketi nyumbani. Msiwaone wamekaa bure. Nendeni mkawaulize, na mkiona chuma chini ya gari hakigusi kitu, msikiguse nanyi kabla ya kujua kinangoja nini.

Siku ile kabla sijaondoka Kasungami niliomba patasi, nipige herufi yangu B pembeni ya alama ya Papa. Alikataa. "Geuza kwanza zote tano," alisema. "Ikikaa ya tano, njo upige."

Zile mbili zilizopasuka zilinichukua muda mrefu, na mwenye gari mmoja alinitukana kuanzia asubuhi hadi mchana bila kupumzika. Nilivumilia. Juzi nimefunga ya tano, nikakaa juu ya ekseli mpaka ikalia, *ko*. Halafu nikalala chini yake na patasi, nikapiga B pembeni ya mistari miwili na nukta. Ni ndogo. Kwa mtu mwenye jina lake ukutani kwa rangi nyekundu, ni ndogo sana. Lakini mtu akilala chini, ataiona.